Kadi za kugusa za kulipia nauli: Kigali imeweza, Nairobi ilikwama wapi?

#1 Kibaoni Junior
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa nchi.

Mwaka 2013 Google waliingia Nairobi wakishirikiana na Benki ya Equity, wakaleta kadi ya nauli iliyoitwa BebaPay. Abiria anagusisha kadi kwenye simu ya konda, nauli inakatwa, imekwisha. Machi 2015 huduma ikafungwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni changa ya Wanyarwanda, AC Group, ikaanza na Tap&Go pale Kigali. Leo basi la mjini Kigali huna kadi hupandi, na hakuna anayeshangaa.

Google wana hela na wataalamu. Equity ina wateja mpaka vijijini. Mkenya alikuwa na M-Pesa tangu 2007, kwa hiyo kulipa bila noti hakukuwa jambo geni kwake. Sasa hawa wa Kigali walikuwa na nini ambacho wale wakubwa hawakuwa nacho?

Msimamo wangu: kadi yenyewe haijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni nani anazishika hela za siku kabla jua halijazama. Karibuni mnipinge.

#2 Suka Mstaafu
Sikupingi, nakuongezea. Nimeendesha daladala hapa Dar, Hiace, nikaja Coaster, Mbagala–Kariakoo, kwa mabosi tofauti. Makubaliano ni yaleyale: hesabu ya bosi, kiasi alichopanga kwa siku, jioni ikamilike, iwe mvua iwe jua. Mafuta juu yako. Faini juu yako. Mpiga debe kituoni umwachie chake hapohapo, yeye hasubiri mwisho wa mwezi. Ukishatoa vyote, kinachobaki mnagawana wewe na konda, na kama deiwaka (dereva wa muda) alikushikia gari mchana naye ale.

Sasa niwekee mashine ya kadi mlangoni. Hela yote inaruka moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari. Saa saba mchana taa ya mafuta inawaka. Nanunua na nini?

Watu wa mifumo wanamwona konda mwizi. Konda hana mkataba, hana bima, hana mshahara. Mshahara wake ndio hizo hela mnazotaka zipite kwenye mashine.

#3 Wa Kangemi
Suka #2 amesema kweli tupu, na huku Nairobi ni hivyohivyo. Lakini kuna kitu mnakiruka: matatu haina nauli moja. Asubuhi watu wanalipa themanini, saa tano makanga (konda wetu) anawaita kwa hamsini, jioni mvua ikinyesha ni mia na hamsini na mnapanda mkinyamaza. Kadi inataka bei iliyoandikwa mahali. Mtu ambaye faida yake yote iko saa ya mvua hawezi kufurahia mashine inayoandika kila alichotoza.

Halafu serikali ilitangaza kwamba kuanzia 1 Julai 2014 hakuna pesa taslimu ndani ya matatu. Tarehe ikafika, ikasogezwa, ikafa. Wakati huo kadi zilikuwa tele, kwa majina BebaPay, Abiria na 1963, na kila moja na mashine yake. Una kadi hii, gari iliyofika inasoma ile. Abiria anafanya nini? Anatoa noti.

#4 Hesabu Kamili
Nyote mnalia na konda. Mimi nauliza, mwenye gari alikuwa wapi? Kwa hao watu wa mifumo aliowataja #2, mwenye gari ndiye aliyekuwa anaibiwa. Kadi ingemwonyesha abiria wote waliopanda tangu alfajiri. Ilitakiwa yeye ndiye awe wa kwanza kuibeba hiyo mashine kichwani. Mbona naye hakuitaka?

Jibu langu ni kodi. Gari ambalo kila nauli yake imeandikwa benki ni gari ambalo mamlaka ya mapato inaweza kulisoma. Bosi anaona heri konda amchote kidogo kuliko serikali ijue anaingiza kiasi gani. Nimefanya kazi ya vitabu vya wafanyabiashara wa usafiri, na mtu wa magari matano anaweza kukupa daftari lenye mapato ya magari mawili tu. Kwa hiyo konda na bosi wake hawakubaliani katika lolote isipokuwa hilo la noti.

#5 Nyamirambo Kwetu
Nawasoma kutoka Kigali. Ndugu #1 ameianzia habari katikati.

Kabla ya kadi kulikuwa na mwaka 2013. Jiji liligawanywa kanda, zabuni zikatolewa, na njia za mjini zikashikwa na kampuni chache: KBS, Royal Express na RFTC. Zile basi ndogo za kila mtu na gari lake zikasukumwa nje ya njia kuu. Nauli inapangwa na RURA, mamlaka ya udhibiti ya serikali, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo AC Group walipokuja na mashine zao hawakuwa na haja ya kuwabembeleza wenye magari mmoja mmoja. Walikaa mezani na kampuni chache, wakaafikiana.

Wala msidhani kadi ilimaliza shida. Kadi haileti basi. Saa kumi na mbili jioni pale Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi, utasimama kwenye mstari na kadi yako imejaa salio, basi halionekani. Na Machi 2024 serikali ilipoondoa ruzuku ya nauli, bei ikapanda na kadi ikakata bei mpya bila kelele. Zamani ungebishana na konda. Mashine utabishana nayo vipi?

#6 Fundi Saketi
Mada nzuri. Niweke ya kiufundi kidogo, maana naona watu wanachanganya vitu vitatu.

Kadi ya kugusa haina betri. Ndani ya ile plastiki kuna waya mwembamba uliozungushwa pembezoni mara kadhaa, umeungwa na chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Mashine inarusha mawimbi ya megahezi 13.56. Ukiisogeza kadi, waya unavuna umeme kutoka kwenye mawimbi hayohayo, chipu inaamka, inajitambulisha, inaandikwa, inalala. Umbali ni sentimita chache tu, ndiyo maana mtu akipita na mashine mbali na wewe hawezi kukukata nauli.

Sasa tofauti. Kuna mfumo ambao salio limeandikwa ndani ya kadi yenyewe. Mashine haihitaji mtandao wakati unapanda. Inapunguza salio papo hapo na kutuma taarifa baadaye. Kuna mfumo ambao kadi ni namba tu na salio liko kwenye seva. Huo unahitaji mtandao, au mwenye mfumo akubali kukubeba kwa imani. Kisha kuna kulipa kwa simu kwa namba ya siri, ambako unafungua menyu, unaandika namba, unathibitisha, unasubiri ujumbe. London geti linatakiwa limalize kazi kwa takribani nusu sekunde. Piga hesabu basi la watu tisini kila mmoja akifungua menyu mlangoni.

Wanaouliza kwa nini kadi wakati simu zipo, jibu ni mlango.

#7 Mama Tatu wa Tegeta
Fundi umenifundisha, asante. Mimi naongelea chenji, maana nyie wanaume mmeshahamia kwenye kodi.

Mwendokasi, mabasi ya Dar yenye njia yao wenyewe, ilipoanza Mei 2016 nauli ya njia kuu ilikuwa 650, njia za mlisho (zinazoleta watu njia kuu) 400, ukiunganisha 800. Mtu anatoa elfu moja, arudishiwe 350: sarafu ya mia mbili, ya mia na ya hamsini. Hamsini zitoke wapi asubuhi yote hiyo kwa maelfu ya watu? Nauli za namna hiyo zilipangwa kana kwamba kadi tayari iko mkononi mwa kila mtu.

Kwenye daladala nauli ilipokuwa 500 kulikuwa na mchezo mwingine. Mmetoa elfu moja kila mmoja, konda anawakabidhi noti moja ya elfu: "Mgawane na huyu kaka." Kaka mwenyewe anashuka Mwenge, wewe unaenda Posta. Unashuka kabla ya kituo chako kutafuta mia tano kwa muuza maji. Kadi ingenikomboa hapo tu, hayo mengine mtajadili wenyewe.

Lakini nina watoto watatu. Nikinunua kadi nne nimeshalipa hela kabla hatujapanda chochote. Wenye kuongelea urahisi huwa hawahesabu hiyo.

#8 Mkazi wa Lewisham
Salaam. Nipo London, niongeze ya huku. Kadi yetu ya nauli, Oyster, ilianza 2003. Julai 2014 mabasi yaliacha kabisa kupokea pesa taslimu, na Septemba mwaka huo kadi ya benki ikaanza kufungua mageti ya treni. Mwaka 2025 basi lilikuwa paundi 1.75, na ukipanda jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Ukipanda mengi kwa siku, ukifika kikomo mfumo unaacha kukukata.

Ila jambo ambalo wageni hawalioni ni hili: mabasi ya London yanaendeshwa na kampuni binafsi, lakini nauli si zao. TfL, mamlaka ya usafiri ya London, inachukua nauli zote na kuilipa kampuni kwa mkataba wa njia. Dereva hajui nimelipa kiasi gani wala hajali, kwa sababu nikilipa nisilipe mshahara wake ni uleule. Hoja ya #1 ndiyo hiyohiyo, ila London waliimaliza kwenye mkataba kabla ya kuleta kadi.

#9 Mbagala–Deira
Niko Dubai, huku tunatumia kadi ya Nol tangu metro ilipofunguliwa 2009. Kadi ya kawaida (Silver), kanda moja dirhamu 3, mbili zinazopakana 5, zaidi ya hapo 7.5. Ukitaka behewa la daraja la juu (Gold) unalipa mara mbili. Basi, metro, tramu, kadi ni moja. Unagusa ukipanda, unagusa ukishuka. Ukikamatwa hujagusa, faini. Watu wa nchi zote, lugha zote, na wote wananyooka.

Siri ni faini, wakuu. Mnazunguka bure. Na hizi kadi haziwezi kuchezewa hata uwe fundi wa namna gani.

#10 Fundi Saketi
#9, hapo mwishoni ngoja nikurekebishe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, waliufungua usimbaji wa chipu ya MIFARE Classic, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya kadi za usafiri za miji mingi, Oyster ikiwemo. Watengenezaji wake, NXP, walikwenda mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe, wakashindwa. London baadaye wakahamia chipu yenye ulinzi mzito zaidi.

Somo la hapo si kwamba kadi ni mbovu. Mfumo wa kuweka salio ndani ya kadi unataka chipu nzuri, na chipu nzuri ina bei. Mzabuni akishusha gharama kwa kununua chipu ya zamani, ipo siku atakuta watu wanajijazia salio nyumbani.

#11 Suka Mstaafu
#9 unasema siri ni faini. Mbagala hii hii uliyoitoroka, mkaguzi atamtoza nani faini gari likiwa limebeba mpaka ngazi ya mlango? Rudi kwanza upande la saa kumi na moja alfajiri, uinue mkono kugusa kadi kama utaweza kuushusha.

#12 Mbagala–Deira
Suka umenikumbusha mbali. Nakuja Desemba, utanipakia mbele.

#13 Binti Pwani
Mimi mtu wa Kigamboni. N-Card ipo, inatumika kivukoni na Uwanja wa Mkapa kwenye mechi. Kwa hiyo Dar hatuanzi sifuri. Ninachotaka kujua ni kwa nini kadi inayonivusha maji isinipandishe daladala ninaposhuka upande wa pili. Nikitoka nyumbani mpaka kazini Mwenge nabadilisha vyombo, na kila chombo na namna yake ya kulipa. Naunga mkono alichosema Wa Kangemi #3: kadi nyingi ni sawa na kutokuwa na kadi.

Halafu salio. Niliwahi kuwa na kadi ya kampuni moja ya mabasi, siitaji, ikagoma kusomwa na salio likiwa ndani. Wakala ananipeleka ofisini, ofisi inanirudisha kwa wakala. Ilikuwa hela ndogo, lakini hiyo hela ndogo ilikuwa nauli yangu ya wiki. Tangu hapo naweka kidogo kidogo, na ukiweka kidogo kidogo unajaza kila siku, na ukijaza kila siku foleni ya dirishani iko palepale. Noti ikichanika naenda nayo benki. Kadi ikifa naenda kwa nani?

#14 Fundi Saketi
Binti Pwani umegusa penyewe. Mfano mzuri wa kadi moja ni Octopus ya Hong Kong, Septemba 1997. Kampuni tano za usafiri, za treni, mabasi na feri, ziliunda kampuni moja ya pamoja ya kuendesha kadi. Katika miezi mitatu ya kwanza zilitoka kadi milioni tatu. Mapato yanagawanywa nyuma ya pazia kila siku, abiria hayamhusu.

Na hata wakubwa hukwama. Julai 2008 data mbovu ilitumwa kwenye mashine za London ikaharibu maelfu ya kadi za Oyster kwa siku moja. Tofauti ni kwamba mageti yalifunguliwa watu wapite na kadi zikabadilishwa. Swali lako la "naenda kwa nani" lilikuwa na jibu.

#15 Hesabu Kamili
Fundi, hiyo Hong Kong ni kampuni tano. Dar ina wamiliki wa daladala wangapi? Wengi wana gari moja, la mkopo. Hata ukiwaunganisha, nani atakaa na hela usiku kabla ya kugawa? Mwenye gari anadaiwa rejesho la benki kesho asubuhi. Ukimwambia hela yako itaingia baada ya siku tatu umemuua.

#16 Wa Kangemi
Ngoja niwape kitu ambacho kinampa nguvu #1 na kinamsumbua pia.

Leo Nairobi pesa taslimu imepungua sana kwenye matatu, na haikupungua kwa kadi. Watu wanalipa kwa M-Pesa. Makanga anakutajia namba, au imebandikwa juu ya dirisha, unatuma, unamwonyesha ujumbe. Hakuna aliyelazimishwa na serikali. Corona ilipoingia watu wakaogopa noti, ada za kutuma pesa ndogo zikaondolewa kwa muda, mazoea yakabaki.

Angalieni pesa inaenda wapi: kwa simu ya makanga mwenyewe, au ya sacco (chama cha wenye matatu), na jioni wanamalizana na mwenye gari kama kawaida. Ananunua mafuta nayo, anamlipa kijana wa stage nayo. Kwa hiyo makanga hakukataa teknolojia. Alikataa teknolojia inayomruka.

Na Fundi #6, hao watu wanafungua menyu wakiwa wameketi, gari ikitembea. Mlango hauhusiki, kwa sababu makanga anakusanya nauli ndani. Hesabu yako ya nusu sekunde ni ya geti. Sisi hatuna geti.

#17 Fundi Saketi
Hapo kwenye kukusanya ndani ya gari naafiki. Ila mwendokasi ina geti, na ndiko mji unakoelekea. Basi la Mbagala likijaa watu mia na ushee halina nafasi ya konda kupita kati.

#18 Nyamirambo Kwetu
Wa Kangemi, swali la heshima. Kwa M-Pesa hiyo, mji unajua watu wangapi wanatoka Kangemi saa kumi na mbili asubuhi? Kadi ikigongwa inaacha saa, njia na basi. Hizo takwimu ndizo zinazosema njia gani iongezewe mabasi. Namba ya simu ya makanga inabaki na jina lako, kiasi na saa, haisemi njia wala basi.

#19 Wa Kangemi
Na takwimu hizo mnazo, lakini Nyabugogo bado mnasimama, umesema mwenyewe #5.

#20 Nyamirambo Kwetu
Umenipata. Lakini angalau tunasimama kwa mstari.

#21 Mkazi wa Lewisham
Swali la faragha hamjaligusa. Kadi iliyoandikishwa kwa jina inajua ulipanda wapi, saa ngapi, na unarudi saa ngapi. Oyster unaweza kuitumia bila kuandika jina, japo kadi ya benki haina hiyo nafasi. Kwetu laini ya simu tu ni alama za vidole. Kadi ya nauli ikifungwa kwenye kitambulisho cha taifa, nani anaruhusiwa kufungua daftari hilo, na kwa kibali gani? Mimi hilo lingenizuia kuliko bei ya kadi.

#22 Suka Mstaafu
Mkazi, abiria wangu wote walikuwa wanajulikana na konda kwa sura na kwa vituo. "Dada wa Mtongani leo umechelewa." Hayo ya daftari tuwaachie ninyi wa majuu.

#23 Binti Pwani
Suka, konda akinijua ananisubiri kituoni. Hilo daftari la #21 sijui litasomwa na nani, na halitanisubiri. Mimi naliunga mkono swali lake.

#24 Mama Tatu wa Tegeta
Naomba niwarudishe kwa watoto, maana hakuna aliyenijibu. Mwanafunzi analipa 200, mtu mzima 600. Konda akiona sare za shule kituoni anaweka mguu mlangoni: "Wawili tu! Wawili tu!" Watoto wanaachwa mpaka saa mbili, wanafika shuleni wanachapwa kwa kuchelewa. Konda simlaumu sana, kila mwanafunzi anampunguzia 400 kwenye hesabu ya bosi.

Kama kadi ya mwanafunzi ingekata 200 kwa mtoto na serikali ikamfidia mwenye gari 400 kwa kila mguso, konda angewaita yeye mwenyewe. Kwenye noti fidia haiwezekani, kwa sababu hakuna anayejua wanafunzi wangapi walipanda. Kwenye kadi inajulikana. Hii si sababu tosha ya kuleta kadi hata kama hayo mengine yote yatashindikana?

#25 Hesabu Kamili
Mama Tatu, hoja nzito. Lakini konda atakusanya kadi za wanafunzi ishirini, azigonge gari likiwa tupu, adai fidia. Nani atahakiki?

#26 Fundi Saketi
Inazuilika. Kadi moja isikubali kugongwa tena kabla ya dakika kadhaa, siku za shule tu, kwa idadi fulani kwa siku. Hayo ni masharti ya programu, hayahitaji chipu ya ajabu. Fidia ilipwe lini ndiyo kazi.

#27 Suka Mstaafu
Ilipwe jioni ileile. Ikichelewa mpaka mwisho wa mwezi, mguu unarudi mlangoni.

#28 Kibaoni Junior
Nimesoma zote. Hesabu Kamili na kodi yake bado hajanishawishi. Kigali kodi ipo na kadi ipo. Ila hili la Mama Tatu nalitaka lisimame peke yake. Kuna mtu humu anayefahamu mji wowote wa Afrika ambako serikali inafidia nauli ya mwanafunzi kwa mguso wa kadi, na mwenye gari analipwa siku hiyohiyo? Nataka jinsi wanavyofanya, hatua kwa hatua.

#29 Wa Kangemi
Nauliza watu wa sacco yetu, nitaandika. Lakini uliza pia nani anajaza hiyo mifuko ya fidia, kwa sababu #5 ametuambia ruzuku iliondolewa hata kule mnakokusifia.